Resident Evil 5: Sifa na Ila za Mchezo Wenye Kiswahili

Yawafaa wanafunzi wa lugha wautazame mchezo wa video uitwao Resident Evil 5, uliotolewa na kampuni ya Capcom ya Japani mwezi wa Machi 2009; kwani kwa mamilioni ya watu waliouchezea, Kiswahili cha humo huenda ndicho cha kwanza kukisikia. Hadithi yake ni ya Chris Redfield na Sheva Alomar, wapiganaji wanaotumwa Kijuju, mahali pa kubuniwa katika Afrika ya Magharibi, wakawakuta wenyeji wametiwa vimelea vinavyowaondolea akili.

Tuanze na sifa. Mchezo umetungwa kwa watu wawili, na uwili huo umepenya kila mahali. Kila mmoja ana nafasi 9 tu za kuchukulia vitu. Hivyo risasi na dawa hazina budi kugawanywa, tena huku adui akikaribia, maana kufungua mkoba hakusimamishi wakati. Aliyeangushwa huinuliwa na mwenzake. Mmoja akifa, wote wameshindwa. Ndani ya migodi ushirika huo hufikia kilele: mmoja huchukua taa, na akiishika hawezi kupiga bunduki; mwingine hupiga, lakini haoni ila pale mwenziwe anapomulika. Hapo hofu na kutegemeana vimekuwa kitu kimoja.

Mahali pengine viwili hivyo hugombana. Hofu hupenda upweke, na mwenye mwenzi ubavuni aghalabu hucheka pale alipotakiwa kuogopa. Naye asiye na mwenzi hupewa Sheva anayeongozwa na mashine, ambaye hutapanya dawa na risasi bila busara. Tena anayelenga bunduki hawezi kutembea. Desturi hiyo ilizidisha hofu katika mchezo uliotangulia, wa mwaka 2005. Humu, maadui wenye bunduki wanapojitokeza sehemu za mwisho, yageuka kuwa kero.

Ila iliyo kubwa ni ya lugha. Kiswahili ni lugha ya pwani ya mashariki, nacho kimeenea bara hadi Kongo. Si lugha ya wenyeji wa Afrika ya Magharibi. Jina Kijuju lafanana na kiambishi ki- kilichobandikwa juu ya juju, neno la uganga la huko magharibi. Wenyeji waliopagawa huitwa Majini, hata akiwa mmoja, na maana yatolewa kuwa ni pepo mbaya. Lakini kwetu jini aweza kuwa mwema au mwovu, na neno lenyewe, lisomwapo peke yake, laweza pia kuwa “ndani ya maji”. Kimelea kirukacho kimeitwa Kipepeo, jina linalofaa. Chenye umbo la buibui kimeitwa Bui Kichwa, maneno yaliyowekwa pamoja bila sarufi ya kuyaunga. Na dubwana lenye mbawa za popo laitwa Popokarimu. Nani atakayemwogopa popo karimu, mpaji asiye na choyo?

Makosa haya yana chanzo kimoja. Mashujaa husema Kiingereza, hata Sheva aliye Mwafrika. Kiswahili kimeachiwa waliokwisha poteza utu, kiwe mlio wa kutisha kwa asiyekielewa. Picha za mchezo zilipoonyeshwa mwaka 2007, wakosoaji walilaumu sura ya Mzungu akiupiga risasi umati wa Waafrika. Na Wandipaya wa humo, wenye mikuki na vinyago, huipa nguvu hoja hiyo. Kwa msemaji wa Kiswahili, lugha nayo ni shahidi.

Basi, kama kazi ya ushirika, mchezo huu wastahili kusifiwa. Kama kazi ya kutisha, wapwaya, na kwetu sisi wapwaya zaidi, kwa kuwa lugha inayoeleweka haitishi kwa mlio wake. Mtungaji atakaye Kiswahili kitishe, hana budi kwanza awape wasemaji wake jambo la kusema.