Kabla Mtu Hajaondolewa

Tunduma ni mji ambao mpaka wa dola mbili umepita katikati ya shughuli za watu wake: upande huu soko la Tanzania, upande wa pili Nakonde ya Zambia, na baina yake mwendo mfupi ambao mchuuzi mwenye furushi huumaliza kabla hajapata haja ya kulihamisha bega. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam huingilia Zambia hapo, na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa kwa wenyewe mwaka 1976, huvuka karibu yake. Na tangu Oktoba 2019, Marais John Magufuli na Edgar Lungu walipozindua kituo cha pamoja cha forodha, maofisa wa nchi mbili hushirikiana mahali pamoja ili lori la shaba lisisimamishwe mara mbili kwa ukaguzi ule ule. Hiyo ni neema kwa biashara, wala hapana mtu mwenye akili atakayeililia foleni ya zamani. Lakini njia ikiwa nyepesi kwa mzigo, huwa nyepesi vile vile kwa binadamu aliyefungwa pingu; na binadamu, tofauti na shaba, ana haki ya kuuliza anapelekwa wapi, kwa amri ya nani, na kwa ushahidi gani.

Kazi ninayotaka kuisifu ni ya wakili anayeuliza maswali hayo kwa niaba yake. Nasema habari za wakili wa mtu ambaye wenye mamlaka wanataka kumwondoa: ama kumwondoa katika nchi, apelekwe nchi nyingine kujibu mashtaka, ama kumwondoa katika daftari la taaluma yake, asiweze tena kula kwa elimu aliyoihangaikia. Katika Uingereza wako mawakili walioyashika mambo haya mawili pamoja na kuyafanya maisha yao. Kwetu, ambako wakili atokaye Mbeya, takriban kilomita 100, hufika Tunduma na majalada ya ardhi, mirathi na mikopo katika mkoba mmoja, ni wachache wanaojaliwa kubobea katika fani hii. Hata hivyo fani ipo, haja yake ipo, na nasadiki kwamba haja hiyo ni kubwa zaidi mahali ambapo kuvuka ni rahisi zaidi.

Msingi wake katika nchi yetu ni Sheria ya Kurejesha Wahalifu, Sura ya 368, iliyotungwa mwaka 1965, nayo ina nasaba na sheria ya Uingereza ya mwaka 1870 ambayo ilizaa sheria nyingi za namna hii katika makoloni yake. Kanuni zake si nyingi, lakini kila moja imejengwa juu ya uzoefu wa dhuluma fulani iliyopata kutendeka. Tendo analodaiwa mtu liwe kosa pande zote mbili za mpaka, asije akatolewa kwa jambo ambalo kwa majirani zake ni halali. Asitolewe kwa kosa la kisiasa, kwa kuwa mtawala aghalabu humwita mhalifu yule anayempinga. Akisha kutolewa, ashtakiwe kwa lile tu aliloombewa, wala asibadilishiwe shtaka njiani. Na kabla ya yote hayo, hakimu aketi, asikilize, na aridhike kwamba uko ushahidi wa kutosha kumweka mtu huyo kizimbani, na kwamba aliye mbele yake ndiye hasa anayetakiwa.

Katika sharti hili la mwisho, ambalo kwa asiyejua huonekana jepesi kuliko yote, ndipo ustadi wa wakili wa mpakani unapodhihirika. Mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya tarehe 1 Julai 1890 yalichora mstari baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na waliouchora hawakuwauliza Wanyamwanga, wala Wanyiha, wala Wandali, ambao kila kabila katika hayo lilijikuta asubuhi moja limekuwa raia wa himaya mbalimbali. Majina hayakutii mstari ule. Sichone yuko Tunduma na Sichone yuko Nakonde. Simbeye wa Momba ana binamu Simbeye wa Zambia, wamerithi jina la babu mmoja, na huenda hata mwaka wa kuzaliwa uliokisiwa na karani ni mmoja. Hati ya kukamata inayotaja jina na umri peke yake, bila ya picha wala alama za vidole, yaweza kumkamata mtu ambaye hatia yake yote ni ukoo wake. Wakili mwema huisoma hati ya namna hiyo kama fundi mwashi apimavyo ukuta kwa timazi: hautazami uzuri wa lipu, hutazama kama umesimama wima. Huuliza tarehe, huuliza muhuri, huuliza sahihi ni ya nani na mwenye sahihi alipewa mamlaka na sheria ipi. Huuliza kama kiapo cha shahidi kilicholetwa kutoka ng'ambo kimethibitishwa kwa utaratibu unaotakiwa. Maswali haya huwachosha waendesha mashtaka, na pengine hata hakimu hutazama saa. Lakini kila moja lisipoulizwa kizimbani, halitaulizwa tena, kwa kuwa aliyeondoka amekwisha kuondoka.

Iko hatari nyingine iliyo kubwa kuliko hati mbovu, nayo ni kutokuwako kwa hati kabisa. Njia ya mahakama ni ndefu. Njia ya uhamiaji ni fupi. Mgeni aweza kutangazwa kuwa mhamiaji asiyetakiwa, yule ambaye watu wa mpakani husema kwamba "amepigwa PI", na kwa amri hiyo akasindikizwa hadi ng'ambo, ambako askari wa nchi iliyomtaka tangu mwanzo wanamngoja. Jina la tendo ni kufukuzwa, lakini maana yake ni kukabidhiwa. Na wakili asiyeijua tofauti hiyo atafika siku ya pili kumwona mteja ambaye hayupo.

Eneo letu lina ushahidi mchungu wa jambo hili. Orton Chirwa alikuwa wakili wa kwanza Mwafrika wa Malawi na Waziri wake wa Sheria, na mkewe Vera alikuwa mwanamke wa kwanza wa nchi hiyo kuwa mwanasheria. Mgogoro wa baraza la mawaziri wa mwaka 1964 ulipowatenga na Rais Kamuzu Banda, walipata hifadhi Tanzania, wakakaa uhamishoni miaka mingi. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1981 walitiwa mbaroni. Serikali ya Malawi ilisema waliingia Malawi kwa miguu yao. Wao walisema walinyakuliwa wakiwa upande wa Zambia. Hapakuwa na ombi lililopelekwa, hapakuwa na hakimu aliyeketi, hapakuwa na mtu aliyeuliza kama shtaka lao lilikuwa la kisiasa, ilhali kwa mwenye macho lilikuwa la kisiasa kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1983 mahakama ya jadi iliwahukumu kifo kwa uhaini, na mawakili hao wawili walisimama mbele yake bila ya kuruhusiwa wakili. Hukumu ilibadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Orton alifariki gerezani Zomba mwezi Oktoba 1992. Vera akaachiliwa mwanzoni mwa 1993, na baadaye akawa mjumbe maalumu wa Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu katika kukagua hali za magereza barani. Mpaka uliohusika si wa Tunduma. Lakini kila mpaka una uwezo wa kutenda kama ule.

Kinyume cha simulizi hiyo ni shauri la kijana wa Zanzibar, Khalfan Khamis Mohamed, ambalo nalitaja kwa uzito, maana alishtakiwa kwa mlipuko wa tarehe 7 Agosti 1998 uliowaua watu 11 katika ubalozi wa Marekani Dar es Salaam. Alikamatwa Cape Town mwezi Oktoba 1999, akakabidhiwa maofisa wa Marekani na kusafirishwa upesi hadi New York, bila ya Afrika Kusini kupata ahadi kwamba hatahukumiwa kifo. Mawakili hawakuacha, ijapokuwa mteja wao alikuwa amekwisha kuvuka bahari. Tarehe 28 Mei 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba kukabidhiwa kule kulikuwa kinyume cha sheria, kuitwe kufukuzwa au kuitwe kurejeshwa, na ikaamuru nakala ya hukumu ipelekwe kwa mahakama iliyokuwa ikimsikiliza New York. Baraza la wazee wa mahakama kule halikuafikiana juu ya kifo, akafungwa maisha.

Najua kuna watakaouliza: na wale waliokufa Dar es Salaam, wakili wao alikuwa nani? Swali ni la haki, na anayelipuuza hastahili kusifiwa. Jibu langu ni kwamba utaratibu uliofuatwa haukumwachia huru aliyepatikana na hatia. Aliyedhulumiwa alipata hukumu, na hukumu hiyo ina nguvu zaidi kwa sababu uhai haukutolewa katika giza la makabidhiano. Wakili wa fani hii husimama pengine upande wa mtuhumiwa na pengine upande wa nchi inayomtaka, na kote dhima yake ni ile ile, kwamba kama mtu ataondoka, aondoke kwa njia ambayo kesho haitatenguka. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na katika usemi huo anayepewa hukumu na anayepewa haki ni mtu mmoja.

Nigeukie sasa tawi la pili, ambalo halina pingu wala ndege ya usiku, na kwa hiyo watu hulidharau. Tunduma haiendi kwa madereva na wachuuzi peke yao. Inaendeshwa na wakala wa forodha mwenye leseni, na muuguzi wa zamu, na mhandisi wa barabara, na mhasibu, na mfamasia. Na nyuma ya kila mmoja wao liko daftari lenye jina lake, linalotunzwa na mamlaka ya kodi, au baraza, au bodi yenye uwezo wa kulifuta. Uwezo huo ni wa lazima. Muuguzi aliyemwacha mzazi afe kwa ajizi, au wakala aliyetangaza mzigo kwa hati za uongo, hawezi kudai kwamba umma uendelee kumwamini kwa sababu tu aliwahi kufaulu mitihani. Lakini kufutwa jina ni kifo cha namna yake: mtu hubaki katika mji ule ule, miongoni mwa watu wale wale, na hapana tena anayeweza kumpa kazi aliyoijua tangu ujana. Na mashauri haya huketi katika vyumba vidogo, mbele ya wanataaluma wenzake, pengine bila ya mwandishi wa habari hata mmoja. Wakili anayeingia humo anahitaji elimu mbili: elimu ya sheria, na elimu ya kazi ya mteja, hata aweze kusoma fomu ya wodi au tamko la forodha na kutambua kosa la mtu na kosa la mfumo.

Mawakili wenyewe hawakusamehewa hukumu ya daftari. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, huwaweka chini ya kamati yao na ya mahakama, na kwa sheria hiyo tuliona jina la Fatma Karume, aliyekuwa Rais wa Chama cha Wanasheria Tanganyika, likisimamishwa mwezi Septemba 2019 kwa sababu ya maneno aliyoyaandika katika hoja zake mahakamani, na mwaka uliofuata likifutwa katika orodha ya Tanzania Bara. Mwaka 2021 Mahakama Kuu iliutengua ufutaji ule. Sitaki kurudia ubishi wa siku zile; nataka tu ionekane kwamba hata aliyezoea kuwatetea wengine alihitaji kutetewa, na kwamba maswali yaliyomrudishia jina ni ndugu wa yale anayoulizwa hakimu wa urejeshaji: ni nani aliyeamua, je, alikuwa na mamlaka, na je, mshtakiwa alisikilizwa?

Hapo ndipo matawi mawili yanapokutana katika shina moja. Mamlaka inayoondoa huwa na haraka, nayo haraka yake mara nyingi ina sababu njema: mhalifu asitoroke, mgonjwa asidhurike, umma usiibiwe. Wakili haikatazi kuondoa. Anaitaka ionyeshe hati, na kwa muda wa kuonyesha hati hiyo, nguvu inalazimika kusimama na kueleza nafsi yake kwa lugha ambayo mnyonge naye aweza kuijibu. Kazi hiyo haina shangwe nyingi. Mteja aghalabu hapendwi, malipo huchelewa, na ushindi mara nyingi ni kuahirishwa tu hadi ushahidi uletwe. Lakini ndani ya kuahirishwa huko hukaa heshima ya mahakama zetu.

Kwa hiyo nawasihi vijana wa Mbozi, Ileje na Momba wanaosoma sheria wasiihesabu fani hii kuwa ya miji mikubwa peke yake. Mpaka ni wao. Na iko faida ya taifa zima ndani yake: siku Tanzania itakapomtaka mwizi wa mali yake aliyekimbilia nchi ya mbali, mahakimu wa huko hawatatuuliza tuna ghadhabu kiasi gani, watauliza tunawatendaje watu wanaotakiwa na wengine kwetu, na kama mtu akirejeshwa Tanzania atapata hakimu, na wakili, na nafasi ya kusikilizwa. Jibu la swali hilo halitaandikwa siku hiyo. Linaandikwa sasa, katika kila shauri dogo ambalo wakili wa Vwawa au Tunduma anakataa kulipitisha kwa sababu tu upande wa pili uko karibu.