Kikao cha Akina Mama na Chupa ya Tufaha



Ukipita Magomeni jioni ya Jumamosi, tangu Mapipa mpaka Mikumi, hukosi kuwaona akina mama kumi au kumi na watano waliovaa kitenge cha sare, wameunganisha meza mbili tatu mbele ya baa. Pengine wametoka kuvunja kikoba, pengine kwenye kichen pati ya binti wa mwenzao. Mezani pana bia, na zaidi ya bia pana zile chupa za kinywaji cha tufaha. Wanacheka, wanapigana picha, wanaitana mashoga. Na miongoni mwao, tusifichane, wamo mabinti zetu waliosoma juzuu zao katika vyuo vyetu. Jambo hili limesemwa sana misikitini, na aghalabu limesemwa vibaya. Nami napenda kulisema kwa utaratibu, kwani ndani yake mna mambo mawili yaliyosukwa pamoja, kinywaji na kikao, na hukumu zake si moja.

Kwanza kinywaji. Mama mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, alipata kuniuliza baada ya darsa: "Maalim, hii ya tufaha nayo ni pombe? Mbona wanasema ni ya matunda, ya kike?" Swali si la kipumbavu. Kinywaji hicho Waingereza hukiita saida, nacho ni maji ya tufaha yaliyochachushwa kwa hamira mpaka sukari yake ikageuka kileo. Savanna itokayo Afrika Kusini ni ya namna hiyo, na kileo chake ni sawa na cha bia au hupita. Redd's nayo ina ladha ya tufaha, na jina lake limefungamanishwa na wanawake kwa makusudi; mwaka 2012 hata mashindano ya urembo ya taifa yaliitwa Redd's Miss Tanzania. Hilo la "ya kike" basi halikutoka kwenye tunda. Limetoka kwa mwenye mali anayetafuta mnunuzi wa pili baada ya kumpata mume.

Ama hilo la matunda, lina jawabu la zamani. Siku pombe ilipoharimishwa Madina, Anas bin Malik alikuwa akiwanywesha Masahaba nyumbani kwa Abu Talha. Alichokuwa akiwamiminia hakikuwa mvinyo wa zabibu. Kilikuwa fadhikh, kinywaji cha tende. Sauti ya mnadi iliposikika waliamrishana kukimwaga, kikatiririka katika njia za Madina, wala hakuna aliyesema ngojeni kwanza, hiki ni cha matunda. Abu Musa al-Ash'ari naye, alipotumwa Yemen, alimwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya vinywaji viwili vya huko, bit'i ya asali na mizri ya shayiri. Jawabu alilopewa halikutazama mmea, lilitazama ulevi. Izingatie vizuri hadithi hii. Mizri ya shayiri ndiyo bia, na bit'i ni ndugu wa wanzuki. Ongeza tembo la mnazi la mwambao wetu, mbege ya Wachagga, ulanzi wa Iringa. Vyote vimepita mlango ule ule, na tufaha pamoja navyo.

Yuko atakayesema kwamba baadhi ya mafakihi wa Kufa, Imam Abu Hanifa akiwa mmoja wao, waliruhusu kiasi kisicholevya cha vinywaji visivyo vya zabibu wala tende. Ni kweli, yamo vitabuni. Lakini fatwa ya Mahanafi wenyewe baadaye iliifuata kauli ya mwanafunzi wake, Muhammad bin al-Hasan, aliyekataza kichache na kingi. Na sisi wa mwambao ni Mashafii, mlango huo hatukuwa nao tangu mwanzo. Kwa wanaotaka na neno la waganga, mwaka 1988 taasisi ya Shirika la Afya Duniani inayotafiti saratani iliiweka pombe katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na baadaye saratani ya matiti ikaongezwa katika hesabu hiyo. Januari 2023 ofisi ya Shirika hilo ya Ulaya ikatamka kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na hatari.

Hayo ya kinywaji yatosha. La kikao ndilo lenye uzito.

Huko Uingereza, kwenye asili ya vinywaji hivi, kipo chama kilichoundwa mwaka 1971 kutetea bia ya kienyeji, ile inayoendelea kuchacha ndani ya pipa mpaka siku ya kumiminwa. Leo yapo na makundi ya wanawake wanaotoka pamoja kwenda baa kuionja bia hiyo na saida. Twaweza kutikisa vichwa, lakini tuangalie walikotoka. Zamani wapika bia wengi wa nchi ile walikuwa wanawake, majumbani mwao, kama wapika pombe wa kwetu bara. Biashara ilipokua ikaingia mikononi mwa wanaume, kisha mwanamke akafika mahali pa kunyimwa hata huduma. Pale El Vino, katika barabara ya Fleet Street mjini London, mwanamke hakuruhusiwa kusimama kaunta akapewa kinywaji, mpaka wanawake wawili walipokwenda mahakamani, na mwaka 1982 Mahakama ya Rufaa ikawapa haki. Basi mwanamke wa Kiingereza akikaa baa na wenzake, anaingia mahali alipokuwa akifukuzwa. Kileo ni kileo na hukumu yake haigeuki, lakini maana hiyo naielewa.

Sasa nikuulize wewe, msomaji wa Magomeni: mkeo, dada yako, binti yako, yeye alifukuzwa wapi? Baa haikumfukuza, ilimkaribisha. Mume ana baraza, ana kijiwe cha kahawa na bao, ana msikiti mara tano kwa siku. Misikiti mingi ya mitaani haina nafasi ya wanawake, au ina kichumba nyuma kabisa chenye kipaza sauti kibovu, ilhali Mtume (S.A.W.) alikataza wanawake kuzuiliwa misikiti ya Mwenyezi Mungu. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim, nasi twaisomesha. Tukishaisomesha twafunga kitabu.

Mambo hayakuwa hivi daima. Mji huu wa Dar es Salaam ulikuwa na vyama vya wanawake vya lelemama na ngoma nyinginezo, vyenye wakubwa wake, michango yake na sare zake. Mwaka 1955 TANU ilipotaka wanawake, Bibi Titi Mohamed, binti wa Kiislamu wa mji huu huu na mwimbaji wa kikundi cha Bomba, aliwaendea wakubwa wa ngoma, na wanawake wakajiunga kwa maelfu. Yamo mengi ya kulaumu katika ngoma zile, nami siyatetei. Nasema tu kwamba kikao kilikuwa na wenyewe. Miaka ya 2000, akina mama walipokuwa wakijaa Travertine hapo Magomeni kwa taarabu ya kisasa, mwenyeji alikwisha kubadilika: mwenye ukumbi na kaunta ndiye aliyepanga viti. Leo ni mwenye baa. Yeye hutoa kiti, taa na choo, wala hamwulizi mtu atarudi nyumbani saa ngapi. Ujira wake ni chupa. Ndipo fedha ya kikoba, iliyowekwa mwaka mzima kwa ajili ya ada ya mtoto na mtaji wa vitumbua, inapoanza kupungua kabla haijafika nyumbani.

Na liko kosa jingine, nalo ni letu wanaume. Mpita njia akiwaona hutamka lile neno chafu la kumvua mwanamke utu wake. Suratun Nur imeweka viboko themanini kwa anayemsingizia uzinifu mwanamke aliyejihifadhi bila ya mashahidi wanne, na ushahidi wake usikubaliwe tena. Kunywa ni dhambi yenye jina lake. Kuitundikia dhambi usiyoiona ni dhambi yako wewe. Inasimuliwa kwamba Sayyidna Umar, akizunguka usiku, alisikia sauti, akapanda ukuta, akamkuta mtu na kinywaji chake. Yule mtu akamwambia: mimi nimeasi kwa moja, nawe kwa matatu, umepeleleza, umepita ukutani, umeingia pasipo kubisha hodi. Umar akamwacha. Na siye leo tuna mume anayetoka baa ya mtaa wa pili kwenda kumpiga mke aliyemkuta baa ya mtaa wa kwanza, kisha anajiita mlinzi wa dini! Aya za Suratul Maida hazikubagua kanzu na kanga.

Bibi Aisha (R.A.) ameeleza kwamba lau amri ya kwanza kushuka ingekuwa ni kuacha pombe, watu wangekataa. Zilitangulia aya za Pepo na Moto, nyoyo zikatulia, ndipo halali na haramu zikafuata. Basi kwa akina mama hawa nako kuna la kutanguliza, nalo ni mahali pa kukaa. Vyuo vyetu vingi huwa vitupu Jumamosi baada ya alasiri. Mikeka ipo, taa ipo, choo kipo. Kikoba kikavunjiwe pale, maulidi ya akina mama yakasomwe pale, na kichen pati yenyewe ifanywe pale pasiwe na mwanamume wa kuchungulia, nao wacheke wapendavyo. Chai ya tangawizi, maji ya ukwaju na sahani za visheti na kaimati havifiki bei ya kreti mbili za bia. Watakaopinga nawajua. Watasema chuo ni mahali pa Qurani, hapafai vicheko vya wanawake. Hao waulizwe wanapendelea vicheko hivyo visikike wapi. Na ufunguo wa chuo kwa kawaida huwa kwa mwenyekiti wa kamati. Aombwe mapema, kabla ya Ijumaa.