Misiani na Upande wa Pili wa Sahani

Ukitaka ubishi hapa Bomani, Tarime, mwambie mpenzi yeyote wa benga aliyekula chumvi kidogo kwamba Shirati Jazz, bendi ya Misiani, inasikika vizuri zaidi kwenye LP zilizotoka London kuliko kwenye zile sahani ndogo za Nairobi. Utajibiwa kabla hujamaliza sentensi. Watakwambia besi ya LP imepoa, ngoma ziko mbali, gita la solo limetiwa sabuni. Ukiwauliza kwa nini iwe hivyo, wengi watarudi kwenye ujana wao, baa fulani, harusi fulani, nani alikuwa hai wakati ule. Sina ugomvi na kumbukumbu za mtu. Lakini katika hili hawahitaji hata kuzitaja, maana sehemu kubwa ya wanachokisema inapimika kwa rula na saa.

Daniel Owino Misiani alizaliwa mwaka 1940 Nyamagongo, upande wa Shirati, eneo ambalo kwa miaka mingi lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Tarime hadi Rorya ilipomegwa mwaka 2007. Ndiyo maana watu wa huku wanamhesabu wao, ingawa jina alilitengenezea Kenya, na Kenya ndiko alikofia, kwa ajali ya barabarani Kisumu mwezi Mei 2006. Bendi yake ilibadilisha majina kila mara: Victoria Boys, Luo Sweet Voice, Shirati Luo Voice, Shirati Jazz, D.O. 7. Anayekusanya santuri kwa kusoma lebo peke yake atadhani ana bendi tano kabatini, kumbe ana mtu mmoja mwenye gita.

Nyimbo zile ziliingia sokoni kwa sahani ya inchi 7, mizunguko 45 kwa dakika. Hapo ndipo kazi ilipoanzia, kwa sababu benga halina haraka. Wimbo mmoja wa Misiani ukipigwa ukumbini unaweza kwenda hadi watu wachoke, na hata studioni ulihitaji dakika sita au saba ndipo useme umekamilika. Sahani ndogo haibebi muda huo kwa upande mmoja. Dawa iliyozoeleka Nairobi, kwa benga, rumba na hata nyimbo za akina Simba Wanyika waliotoka Tanga, ilikuwa kuugawa wimbo: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule.

Watu wengi huona mgawo huo kama usumbufu tu, kwamba unainuka kugeuza sahani wakati mguu umeshashika mdundo. Mimi naona ulitunga wimbo kwa kiasi fulani. Sikiliza upande wa kwanza wa sahani yoyote ya Shirati ya miaka ya sabini. Gita linafungua peke yake, nota moja moja, bila kupapasa. Besi inaingia mapema na kwa sauti ya juu kuliko ambavyo fundi wa Ulaya angeiruhusu. Kisha zinakuja sauti mbili zikienda sambamba, na kila mstari unapofika mwisho gita la solo linaudaka mkia wake na kuujibu. Huu ni upande wa maneno: jina la anayesifiwa, kijiji chake, shemeji zake, kisa chenyewe. Maneno yanakaribia kwisha, wimbo unafifia au unakatwa.

Geuza. Upande wa pili hauanzi salamu upya. Unakuta magita yameshapanda ngazi, waimbaji wanadokeza tu, na yale mazungumzo ya solo na gita la pili ndiyo yameshika usukani. Mtunzi aliyejua kwamba sindano itanyanyuliwa dakika ya tatu na nusu alilazimika kumaliza kisa chake hapo, na kuweka chemko lote nyuma ya sahani. Redioni mara nyingi ulisikia upande wa kwanza. Baa walitaka wa pili. Nimeona sahani ambazo upande wa kwanza bado unang'aa na wa pili umegeuka kijivu kwa kuchezwa, na hapo huhitaji kuuliza ilitoka nyumbani kwa mtu au baa.

Mbinu yenyewe ya magita imetoka kwenye nyatiti. Chombo hicho cha Wajaluo kina nyuzi nane, na mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, akagonga nayo mti wa chombo chake huku njuga zikilia mguuni. Mtu mmoja, kazi tatu: nyuzi, pete, njuga. Benga liliwagawia kazi hizo watu wanne au watano. Nyuzi za juu zikaenda kwa solo, zile zinazojirudia kwa gita la pili, za chini kwa besi, na ile pete ya mguuni ikawa teke la ngoma kubwa linalopiga kila pigo bila kuruka. Ndiyo maana besi ya benga haikai nyuma kushika nguzo. Inatembea, inahoji, na mara nyingine ndiyo inayoanza sentensi. Huku kwetu, ambako Wakurya wana litungu lenye sauti nzito ya kunguruma, nadhani sikio lilikuwa limeshafunzwa kuisikiliza sauti ya chini kabla umeme haujafika. Hiyo ni dhana yangu tu.

Sasa turudi kwenye rula.

Sauti kwenye santuri ni mfereji mmoja mrefu unaozunguka kutoka ukingoni hadi karibu na lebo. Sindano ya kukata ikisukumwa na nota ya besi huyumba kushoto na kulia kwa upana mkubwa kuliko inaposukumwa na nota ya juu ya nguvu ileile. Kwa hiyo besi inakula nafasi. Viwanda duniani vilikubaliana miaka ya hamsini kupunguza besi wakati wa kukata na kuirudisha wakati wa kucheza, lakini hata baada ya kupunguzwa bado ndiyo inayoamua mizunguko ya mfereji ikae karibu kiasi gani. Ikikaribiana mno, mzunguko mmoja unakwaruza jirani yake na sindano inaruka.

LP ya dakika 20 kwa upande inazunguka mara 667 hivi, na eneo lililoachiwa mfereji, kutoka ukingo wa nje hadi wa ndani, ni kama milimita 86. Gawanya: kila mzunguko umepata milimita 0.13. Sahani ya inchi 7 yenye dakika tatu na nusu inazunguka mara 157 ndani ya milimita 30. Kila mzunguko umepata milimita 0.19, karibu mara moja na nusu ya LP. Nafasi hiyo ya ziada ndiyo besi ya benga. Fundi aliyekata sahani ile aliweza kuiachia itembee, na wala hakuhitaji kuwa jasiri.

Lakini hesabu hiyohiyo inawageukia wabishi wetu. Jaza dakika tano kwenye upande mmoja wa sahani ndogo, na kila mzunguko unarudi kwenye milimita 0.13, sawasawa na LP. Faida yote imeyeyuka. Kwa hiyo si kweli kwamba sahani ndogo ina besi kwa sababu ni ndogo, wala kwa sababu ni ya Nairobi. Ina besi kwa sababu wimbo ulikatwa vipande viwili. Unayo sahani yako? Shika saa. Ukikuta upande una dakika tatu na kitu, tarajia ngurumo. Ukikuta unakaribia tano, mwenye studio alibana, na utasikia alivyobana.

Jambo jingine husemwa kwa uhakika sana na halijakamilika: kwamba mizunguko 45 ni kasi, na kasi ni ubora. Kinachojalisha sindano ni sentimita ngapi za mfereji zinapita chini yake kwa sekunde, na hizo hutegemea pia ukubwa wa duara. Mwanzoni mwa LP ni kama sentimita 51 kwa sekunde, wakati sahani ndogo inaanza na 40. LP inaongoza. Mwishoni, karibu na lebo, LP imeshuka hadi 21 na sahani ndogo imesimama kwenye 25. Nota kali za gita la solo ndizo zinazoumia mfereji ukipita polepole. Zinakwaruza, zinatoa ule mlio wa mchanga. Wimbo wa kwanza wa upande wa LP una nafasi nzuri ya kusikika safi kuliko sahani yoyote ya Nairobi. Wimbo wa mwisho ndio unaoteseka, na benga, kwa ubishi wake, huweka gita lenye kazi nyingi mwishoni.

Vifaa navyo vilichangia. Pleya za betri za wakati ule zilikuwa na sindano nzito, gramu tano na zaidi, ambapo pleya ya leo inagusa kwa gramu mbili hivi. Sindano nzito inakaa imara kwenye mfereji wenye besi pana na inakula nota za juu kidogo kidogo. Sahani iliyochezwa miaka kumi kwa pleya hiyo imebaki na besi na kupoteza ung'avu. Sehemu ya ile ladha nzito tunayoisifu ni uchakavu. Nyingine ni kiwandani: kila muhuri wa nikeli unaofyatulia sahani huchakaa kadiri unavyogonga, na nakala za mwisho hutoka butu kuliko za kwanza. Watu wawili wanaweza kushika wimbo mmoja, lebo moja, namba moja iliyochongwa karibu na katikati, wakabishana usiku kucha na wote wakawa sahihi.

Sahani hizo zilifikaje hapa ni hadithi inayostahili safu yake. Tanzania ya miaka ile haikuwa na kiwanda kinachofyatua santuri. Hata bendi za Dar es Salaam zilizorekodi Redio Tanzania, tepu zao zilipogeuka sahani, ziligeukia Nairobi. Redio Tanzania ilitangaza kwa Kiswahili, na Misiani aliimba zaidi Kijaluo, hivyo mtu wa Tarime alimsikia mwenzake wa Shirati kupitia Sauti ya Kenya au hakumsikia. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa mwaka 1977, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Sirari iko kama kilomita 20 kutoka hapa mjini. Kwa miaka hiyo sahani ya mtoto wa Mara ilikuwa bidhaa ya nchi ya jirani iliyofungiwa mlango, na kwa mpaka wenye vichochoro vingi kama ule, kila mtu anajua milango hufungwa kwa karatasi.

Kusini sahani hizo zilisafiri mbali zaidi. Phares Oluoch Kanindo, mtayarishaji wa Nairobi aliyekuwa nyuma ya sahani nyingi za Kijaluo kabla ya kuingia bungeni, alikuwa na lebo kadhaa, mojawapo ikiitwa Sungura. Sahani zake zilipendwa sana Zimbabwe, kiasi kwamba muziki wa magita wa kule ukaitwa kanindo, na baadaye sungura, jina linalotumika mpaka leo. Wasikilizaji walichukua kilichoandikwa katikati ya sahani wakakifanya jina la muziki mzima. Sijui heshima gani nyingine kubwa namna hiyo aliwahi kupewa mchapaji wa lebo.

London iliingia mwishoni mwa miaka ya themanini. World Circuit ilitoa Benga Beat mwaka 1987. Mwaka 1989 zikafuata Piny Ose Mer ya Globestyle na Benga Blast! ya Earthworks, iliyokuwa chini ya Virgin. Lakini Misiani alitunga akiwa na sahani inayogeuzwa kichwani. Ukiuchukua wimbo wake ukaulaza mzima kwenye LP, bila mapumziko, unasikia mlima wote kwa mara moja, na hilo ni jambo zuri ambalo mwenye sahani ndogo hajawahi kulipata. Unalipia kwa besi. Mwaka 2010 Sterns walikusanya nyimbo zake za miaka ya sabini kwenye The King of History, kwa CD, na CD haina mfereji wa kubana, hivyo hesabu zote za hapo juu haziihusu.

Siku hizi kazi inafanyika chumbani, kwa pleya ya mkopo na kompyuta: watu wanahamishia sahani zao kwenye simu na kuunganisha pande mbili ziwe wimbo mmoja. Kiungo husikika karibu kila mara. Upande wa pili huweza kuwa umekatwa kwa sauti kubwa kidogo, au tepu ilikimbia tofauti kidogo, na gita likapanda robo nota ghafla katikati ya wimbo. Wengi wanasawazisha sauti na kusahau kasi. Kasi itangulie sauti: tafuta nota ya besi ambayo ipo pande zote mbili, zilinganishe, rekebisha upande wa pili ufuate wa kwanza, ndipo uguse sauti. Na kwa kuwa nyingi ya sahani hizo zilikatwa kwa mono, changanya kushoto na kulia ziwe kitu kimoja kabla ya lolote. Mikwaruzo inayotokana na mfereji kupanda na kushuka hufutana yenyewe kwa kiasi kikubwa, na besi inabaki palepale ilipokuwa.