Mafuta ya Mwarobaini, Tone kwa Tone

Hapa Bariadi, mwarobaini ni mti wa kivuli kwanza. Umesimama uani, kando ya barabara na kwenye viwanja vya shule, na watu hupumzika chini yake bila kufikiria dawa. Mtengenezaji mmoja wa dawa za miti, ambaye majirani humwita Mayu kwa heshima ya Kisukuma, huutazama kwa shabaha nyingine: anasubiri matunda yageuke njano.

Hachumi mabichi. Hutandika turubai safi chini ya mti, hutikisa tawi taratibu, kisha huokota yaliyokubali kuanguka. Kila tunda hulibonyeza kwa kidole gumba, na lililooza hulitupa kando. Kazi ya kumenya huifanya siku hiyohiyo, kwani nyama ya tunda huchacha haraka na ukungu ukishaingia kwenye mbegu hautoki. Huyasugua ndani ya ndoo ya maji na kuyasuuza tena na tena, mpaka kokwa zibaki nyeupe, zisizoteleza mkononi.

Kisha huzitandaza mkekani, barazani, penye upepo na kivuli. Jua kali lililo hatua chache kutoka hapo lingezikausha upesi, lakini Mayu halitaki. Wanakemia waliotenga kiambata kiitwacho azadiraktini kutoka kwenye mbegu hizi mwaka 1968 wangemuunga mkono, kwa sababu kiambata hicho huharibiwa na mwanga wa jua. Asubuhi na jioni huzigeuza kwa kiganja. Siku akitaka kujua kama zimeiva kwa kazi, huchukua chache na kuzitikisa karibu na sikio. Kiini kikicheza ndani ya ganda, zimekauka.

Hapo huzitwanga kwa mchi mwepesi, mapigo mafupi, ganda lipasuke na kiini kibaki kizima. Hupepeta kwa ungo, maganda yaende na upepo, halafu huinamia viini na kuchambua kimoja kimoja. Cheusi hatii kinuni. Vilivyosalia huvitwanga kwa nguvu mpaka viwe donge la kahawia linalong'aa na kunuka kama kitunguu saumu kilichochacha.

Sasa inakuja sehemu ngumu kuliko zote. Donge huliweka kwenye bakuli pana, hudondoshea maji ya moto kijiko kimoja, na kuanza kukanda. Maji yakizidi, donge huwa uji na mafuta hupotea humo. Yakipungua, mafuta hayatoki kabisa. Hakuna kipimo kilichoandikwa. Hukanda, husimama, hutazama, huongeza matone, hukanda tena. Baada ya muda mrefu uso wa donge hupata mng'ao. Hulikamua kwa ngumi, na mafuta ya hudhurungi huchuruzika kati ya vidole, tone kwa tone, yakiangukia kitambaa cha kuchujia kilichofungwa mdomoni mwa chupa. Mashudu yanayobaki huyapeleka bustanini, yakafukuze wadudu.

Mti huu asili yake ni Asia ya Kusini, na katika tiba ya Ayurveda umetumika tangu kale. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya W. R. Grace na Wizara ya Kilimo ya Marekani hataza ya njia ya kudhibiti kuvu kwa mafuta yake. Vandana Shiva wa India na wenzake wakaipinga. Hataza ilifutwa mwaka 2000 na rufaa ikashindwa mwaka 2005, kwa kuwa ujuzi huo ulikuwa ukitumika India tangu kabla ya hataza kuombwa. Ninapomtazama Mayu akikanda, naelewa vizuri zaidi kilichotetewa pale: maarifa yaliyotunzwa na mikono ya watu kama yeye.

Mwenye upele au chawa akija, Mayu humpa kichupa cha mafuta pamoja na masharti. Apake kidogo kwenye mkono kwanza, asubiri hadi kesho. Asinywe hata tone, na mtoto mchanga asiguswe nayo, kwa sababu mafuta haya yanaweza kumdhuru vibaya. Vidonda vikitoa usaha au homa ikipanda, aende hospitali. Huyarudia masharti hayo mpaka mgonjwa ayataje mwenyewe, kwa subira ileile aliyokandia donge. Ndiyo maana namwamini: anaijua dawa yake mpaka pale inapoishia.