Mnanaa wa Uwani

Bibi jirani yangu hapa Mji Mkongwe ana beseni la bati lililotoboka, nalo limejaa mnanaa hadi kingoni. Kila alfajiri baada ya sala, kabla jua halijaufikia ukuta wa uwani, hushuka na mkasi wake wa kushonea. Hupapasa shina kwa kidole gumba mpaka afike pale majani mawili yanapotazamana, kisha hukata juu kidogo ya kifundo hicho. Kwapani mwa majani hayo mna macho mawili yaliyolala. Ncha ikiondoka yanaamka, na shina moja linakuwa mawili. Kwa hiyo kadiri anavyopeleka majani kwenye biriani na chai, ndivyo beseni linavyozidi kusongamana. Maua hayaachi yachanue. Mnanaa ukishachanua, majani hupungua na kukakamaa.

Mbegu hahangaiki nazo, kwani mche wa mbegu mara nyingi hautoki na harufu ya mama yake. Anayeomba hupewa kitawi cha urefu wa kidole, kimepukutishwa majani ya chini, akakiweke kivulini ndani ya glasi ya maji. Wiki moja au mbili, vifundo vinatoa mizizi myeupe. Ukifikiri vizuri, mnanaa wa uchochoro wetu mzima ni mmea mmoja uliogawanywa nyumba kwa nyumba.

Beseni lenyewe ni gereza. Mmea huu hutuma vishina chini ya udongo, na ukiuachia ardhi utauona umeibukia katikati ya mchicha. Hata humo ndani hujibana wenyewe, katikati pakakauka. Hapo bibi humwaga kila kitu, hukata bonge la mizizi kwa kisu cha jikoni, hutupa kiini kilichochakaa na kurudisha vipande vya kingoni kwenye udongo mpya wenye samadi ya mbuzi iliyooza. Akiona vidoa vya rangi ya chungwa chini ya jani, anajua ni kutu. Shina zima huenda motoni.

Mnanaa wangu umo koponi sasa. Mara mbili nimekata kwa woga, nikaacha kijiti kirefu juu ya kifundo, kikaoza. Jana alipita, akakitazama.

“Mwanangu, usiuonee huruma,” akasema, akaniazima mkasi.