Tom Mboya na makuli wa Kilindini: mgomo ulivyopelekwa mezani

Machi 1955, makuli wa Kilindini walipogoma, Tom Mboya alikuwa na miaka 24. Mgomo ule hakuuitisha yeye. Alifika Mombasa akiwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, nchi iko chini ya hali ya hatari, na serikali imezoea kumjibu mgomaji kwa pingu.

Mji ulikuwa bado unakumbuka Januari 1947. Wakati huo Mombasa nzima ilisimama siku kumi na zaidi. Nyongeza ilipatikana, lakini kabla mwaka haujaisha Chege Kibachia, sauti kubwa ya wafanyakazi wale, alikuwa ameshakamatwa na kupelekwa Kabarnet, na chama chake kikafifia. Walipata pesa, wakapoteza chombo cha kudai nyingine.

Nadhani kazi ya Mboya mwaka 1955 haieleweki bila hasara hiyo. Aliwashawishi makuli warudi kazini huku madai yao yakisikilizwa na baraza la usuluhishi. Ni hatua ya hatari mno. Kuli akirudi gatini mikono mitupu, nguvu yake imekwisha, na siku ya pili hakuna atakayemfuata kiongozi. Lakini Mboya aliuza utulivu ungali na bei: meli zimekaa, mizigo imelala, na serikali ya kikoloni, ambayo tayari ilikuwa na vita bara, haikutaka moto wa pili bandarini. Baraza likatoa nyongeza ya maana, na safari hii waliodai hawakubaki bila chama. Miaka michache baadaye makuli walikuwa miongoni mwa wafanyakazi waliojipanga vizuri kuliko wote nchini.

Siasa ya namna hii ilikuwa na ndugu zake ng'ambo. Mboya aliegemea shirikisho la kimataifa la vyama huru vya wafanyakazi, akapata humo marafiki, fedha na mafunzo. Wapinzani wake wakamwita mtu wa Wamarekani mpaka alipouawa Nairobi, tarehe 5 Julai 1969.

Alipokuwa waziri wa kazi, jambo la Kilindini aliligeuza utaratibu wa taifa. Mkataba wa Oktoba 1962 baina ya serikali, waajiri na vyama uliwataka waajiri wavitambue vyama, na vyama viache migomo ya ghafla kabla ngazi za malalamiko hazijapandwa. Mahakama ya Viwanda ikafuata 1964.

Lakini utaratibu huo unataka vitu viwili: mwajiri anayejulikana, na orodha ya majina. Bandarini vyote vilikuwapo. Pasipokuwapo, meza haina wa kukaa. Naona kasoro hiyohiyo katika Waraka Namba 10 wa 1965 juu ya Usoshalisti wa Kiafrika, ulioandaliwa chini ya wizara yake ya mipango. Aya ya 133 ilitaka fedha za maendeleo ziende penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme, ili faida ienee baadaye. Aliyekuwa nacho akaongezewa. Pwani nje ya bandari na hoteli ikangoja, na malipo ya kungoja huko tunayaona hadi leo. Hilo siwezi kumtetea.

Wasio na orodha hiyo wapo hadi leo: hapa Magogoni, kama kwingi Kisauni, Mombasa, wengi hulipwa kwa siku: mjengoni, kwenye maghala, majikoni mwa hoteli. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi, ahesabiwe mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Mwajiri mjanja humsimamisha siku chache kabla mwezi haujatimia, kisha humwita tena. Na daftari la mahudhurio linabaki mkononi mwa mnyapara. Chama kitakachotaka kuwafikia watu hawa kianze hapo, kwa daftari lake chenyewe: jina, tarehe, mahali pa kazi, na nani aliyelipa jioni ile.