WhatsApp ilivyoitupa kitochi

Kuifunga WhatsApp kwenye KaiOS, mfumo wa simu za kitochi zenye intaneti, ni kosa la kiufundi, na mpangilio wa kuifunga ulilizidisha. Juni 25, 2024 programu iliondolewa KaiStore, duka la programu la mfumo huo. Waliokuwa nayo tayari wakaachiwa hadi mapema 2025.

Tazameni walivyoanza. Walianza na mlango. Kwenye Android, toleo likizeeka bado kuna faili la APK ambalo fundi wa mtaani atakuwekea. Kwenye KaiOS mtumiaji wa kawaida hana njia hiyo. Duka likifungwa, limefungwa. Kisha mwenye simu akaambiwa ahamie Android au iPhone, bila njia ya kuhamisha mazungumzo yake. Namba inahama na makundi yanahama, lakini sauti ya mama iliyorekodiwa mwaka juzi inabaki kwenye kitochi. Nani aliidhinisha tarehe ya kufunga kabla kifaa cha kuhamishia hakijaandikwa? Hilo ndilo swali langu, na sijaona jibu lake.

Watasema simu zenyewe dhaifu. Programu hii ilipoingia KaiStore Julai 2019 iliandikwa makusudi iende kwenye RAM ya MB 256. Udhaifu ulijulikana siku ya kwanza, na watu wakauziwa simu kwa jina la WhatsApp. Tanzania, Smart Kitochi ya Vodacom ya mwaka huohuo ilipendwa kwa sababu hiyo. Kama mzigo ulizidi, wangepunguza: toeni simu za sauti, bakizeni ujumbe wa maandishi na sauti za kurekodi.

Inawezekana, maana kampuni hiyohiyo ilishafanya. Aprili 2016 ilikamilisha usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho kwenye kila mfumo wake, Nokia S40 ikiwemo. S40! Simu za batani zilizoendesha programu za Java. Timu ile ilijua kubana msimbo. Nililalamika WhatsApp ya S40 ilipozimwa Desemba 31, 2018, na bado nalalamika.

Kwa haki, kupandisha kiwango cha chini cha WhatsApp hadi Android 5.0 Oktoba 2023 kulifanywa vizuri: taarifa ilitangulia na nakala rudufu zilikuwepo.

Anayetaka kujua kazi hii inavyofanywa awaangalie Let's Encrypt, watoaji wa vyeti vya usalama vya tovuti. Cheti mzizi walichotegemea kilikuwa kinaisha Septemba 30, 2021, na Android za chini ya 7.1.1 hazikukijua cheti chao kipya. Tovuti nyingi zingekataa kufunguka. Wakagundua Android haikagui tarehe ya mwisho ya cheti mzizi kilichomo ndani yake, wakapata kwa IdenTrust, wenye cheti kile cha zamani, sahihi mtambuka ya kuthibitisha kipya, inayopita tarehe ile. Simu kuukuu zikapata miaka 3 zaidi bila mwenye simu kubonyeza chochote. Wale ni shirika lisilo la faida. Meta, mmiliki wa WhatsApp, yenye wahandisi wake wote, ilidaiwa kitu kidogo kuliko hicho: kifaa cha kuhamishia mazungumzo, kitangulie, ndipo duka lifungwe.